Namba Nane wa Timu ya Kinu

Mwaka wa themanini na nne mvua za masika hazikunyesha, na mwaka huo huo timu ya Kinu ilishinda mechi sita mfululizo. Watu wa mtaa wa Barani, walikokaa wafanyakazi wa Kinu, walikuwa na machache ya kufurahia, kwa hiyo waliufurahia mpira. Aliyeshindwa kufurahi alikuwa mwalimu wa timu mwenyewe, Gerishom.

Kinu kilikuwa kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya nazi na simsim, pembeni mwa mji wa Malindi, na wachezaji wote walikuwa wafanyakazi wake. Gerishom alikuwa fundi wa mitambo. Alikuwa Mmaragoli kutoka magharibi aliyeteremka pwani mwaka wa sitini na saba na sanduku moja na jozi ya viatu vya mpira, akacheza beki mpaka goti likamkatalia, kisha akaachiwa timu aifundishe kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Sasa alikuwa na miaka arobaini na sita. Kila jioni alitoa grisi mikononi kwa mafuta ya taa na sabuni ya mche, akapita nyumbani kunywa chai, akaenda uwanjani. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka kumi na mmoja na alikuwa amechoka, ingawa hakuwahi kumwambia mtu.

Kilichomchosha zaidi mwaka huo ni namba nane.

Namba nane alikuwa Dzombo, nahodha, mpakiaji wa mbata, zile nazi zilizokaushwa, pale kiwandani, mwenye miaka thelathini na mmoja. Kwa misimu mitano kila mpira wa Kinu ulipita miguuni mwake. Alikuwa na tabia ya kutupa jicho nyuma ya bega kabla mpira haujamfikia, mara moja tu, upesi, kama mtu anayehakikisha kuwa mlango ameufunga. Mpira ukifika, alishajua unakwenda wapi. Masha, mshambuliaji wao, alizoea kusema kwamba Dzombo haitwi. Wewe kimbia tu, mpira utakukuta huko huko.

Tangu mechi ya pili ya msimu huu, mwezi wa tano, Dzombo hakutazama tena nyuma ya bega. Alipokea mpira akakaa nao. Pasi zake zilikufa hatua mbili kabla ya kumfikia mtu. Akinyang'anywa hakumfuata aliyemnyang'anya; alisimama kashika kiuno, akihema. Na bado Kinu walishinda. Walishinda kwa penalti, kwa beki wa wapinzani kujifunga, kwa mpira kumgonga Masha gotini ukaingia wavuni. Walishinda zaidi kwa sababu Thuku, kipa wao, alikuwa akidaka vizuri mwaka huo kuliko alivyowahi kudaka maishani. Mashabiki walirudi nyumbani na matokeo. Mengine hawakuyaona, au waliyaona wakayaacha uwanjani.

Baada ya mechi ya sita, Thuku alikuja kuketi karibu na Gerishom nyuma ya goli. Thuku ndiye aliyeendesha lori la kiwanda, mtu wa maneno machache.

"Mwalimu," alisema, "leo nimeokoa mipira tisa."

"Mimi nimehesabu kumi."

"Basi kumi." Akaivuta glavu kwa meno. "Silalamiki, ndiyo kazi yangu. Lakini mbele yangu pamekuwa barabara. Kila anayetaka kupita anapita."

Hakutaja jina, na Gerishom hakumwomba alitaje.

"Laban yuko tayari," Thuku aliongeza.

Laban alikuwa karani wa mizani, kijana wa miaka ishirini na minne aliyekaa benchi misimu miwili bila kulalamika. Jioni za mazoezi alicheza nafasi ya Dzombo upande wa pili, na kwa wiki kadhaa sasa alikuwa akimshinda. Kila mtu aliona. Wachezaji walianza kutazama pembeni jambo hilo likitokea, kama watu wanaomwona baba wa mtu akiteleza sokoni.

"Tunashinda, Thuku," alisema Gerishom.

"Ndiyo. Tunashinda."

Jumatatu Gerishom aliitwa ofisini kwa meneja. Bwana Simeon alikuwa ameletwa kutoka Mombasa mwaka uliotangulia, mtu nadhifu aliyeipenda timu kwa dhati, na aliyeona usingizini kombe la wilaya likiwa juu ya kabati lake la mafaili.

"Nasikia wataka kubadilisha kikosi," alisema.

"Sijaamua, bwana. Nafikiria tu kumpumzisha nahodha."

"Ameumia?"

"La. Hachezi vizuri."

"Timu imeshinda mara sita, na nahodha hachezi vizuri?" Bwana Simeon alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Kaa chini, Mwalimu. Nikwambie jambo ambalo bado si la kutangaza. Nazi ni chache, simsim hakuna kabisa. Mombasa wanataka nipunguze watu kumi na wawili. Nimewaomba wachezaji wasiguswe, kwa sababu wanaliinua jina la kiwanda, na wamenikubalia. Lakini mtu nitamtetea kwa kucheza. Akikaa benchi, huyo ni mpakiaji wa mbata tu, na mbata zenyewe hazipo. Umenielewa?"

Gerishom alimwelewa. Alitoka pale akasimama kwenye kivuli cha ghala, akasahau alikuwa anakwenda kufanya nini.

Nyumbani, mkewe Easter alikuwa ameshasikia maneno ya mtaani. Kisimani walisema Dzombo amekuwa mlevi, kwamba kila Jumamosi anapotea mjini na kurudi Jumapili macho mekundu, na kwamba pombe ya mnazi itammaliza.

"Wewe umemwona akinywa?" Easter aliuliza.

"Sijamwona."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Mtu mzima na familia yake."

"Baba Hannah, wewe ni mwalimu wake. Usipomuuliza wewe, aulizwe kisimani?"

Jumamosi alasiri Gerishom alikwenda kwa Dzombo, nyumba ya makuti upande wa chini wa Barani. Njiani aliyapanga maneno yake. Angemwambia kwamba pombe na mpira havikai pamoja, kwamba ampishe Laban mechi mbili tatu ajirekebishe, na kwamba hilo lilikuwa kwa faida yake. Alimkuta Kadii, mke wa Dzombo, amekaa kwenye mkeka akichagua unga wa yale mahindi ya njano ya msaada, unga uliokuwa na wadudu wengi kuliko unga wenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Mzee wa nyumba yuko?"

"Amekwenda Adu."

"Adu? Kesho tuna nusu fainali."

"Atafika. Huenda kila Jumamosi akitoka kazini saa sita, na Jumapili mchana yuko hapa." Kadii alimtazama akaona kwamba hakuelewa. "Hakukwambia. Adu ndiko kwa mama yake, Mwalimu. Shamba la kule limekauka lote, hata mbegu hazikubaki. Yuko mama, yuko mke wa kaka yake aliyefariki, na watoto watano. Mwanamume ni yeye peke yake. Zamani lori la simsim lilimpakia yeye na mzigo wake, lakini lori haliendi tangu mwezi wa nne."

"Sasa anakwendaje?"

"Kwa baiskeli. Anafunga debe mbili za mahindi kwenye keria. Akifika jua limezama, analala, na alfajiri anaanza kurudi. Akiingia hapa anakula kilichopo, anajinyoosha kidogo, anachukua viatu anakuja kwenu."

Gerishom aliijua njia ile. Aliwahi kuipita kwa lori, akienda kutengeneza pampu ya mtu huko: daraja la Sabaki, kisha Marafa, kisha mchanga, na mchanga tena. Hata kwa lori iliwachukua saa tatu. Yale maneno aliyoyapanga njiani yalimwisha.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekwambia, ungempumzisha." Kadii alirudisha macho kwenye ungo. "Na anayepumzishwa kiwandani kwenu siku hizi, tunasikia, anapumzishwa moja kwa moja."

Kumbe habari ya orodha ya watakaoachishwa kazi ilishatoka. Gerishom alisimama kidogo zaidi, akakataa chai kwa sababu aliona hakuna sukari ya kuiweka, akaenda zake.

Kesho yake alimchezesha Dzombo dhidi ya timu ya Mariakani. Alijiambia ni kwa ajili ya kazi ya yule mtu. Ilikuwa kweli, lakini si kweli yote. Timu ilikuwa inashinda, na mwalimu anayeshinda haulizwi mengi, naye hakuwa na nguvu za kuulizwa. Akakaa benchi dakika tisini akiangalia mtu aliyekanyaga baiskeli tangu alfajiri akijaribu kukimbia. Dzombo alianguka mara mbili bila kuguswa. Mara ya pili refa alimwendea akamuuliza kama anaumwa, naye akatikisa kichwa. Kinu walishinda mbili kwa moja. Masha alibebwa juu kwa juu hadi barabarani.

Dzombo hakubebwa wala hakuondoka. Gerishom alimkuta nyuma ya goli amekaa chini, akihangaika na kamba za viatu. Vidole vyake havikuweza kufungua fundo. Gerishom alipiga magoti, lile goti bovu likamchoma, akazifungua yeye. Kucha mbili za mguu wa kulia zilikuwa nyeusi.

"Jana nilikuja kwako," alisema.

"Kadii ameniambia."

"Jumapili ijayo ni fainali, huko Kilifi. Usiende Adu wiki hii."

"Adu wanakula kila wiki, Mwalimu."

"Tuwaambie wenzako. Mtu mwingine apeleke mzigo."

"Sitaki timu nzima ijue watoto wa kaka yangu wanalala na maji tu tumboni." Alisema polepole, bila hasira. "Wewe umejua, inatosha."

"Basi nitakutoa upumzike."

"Usinitoe."

"Umechoka, Dzombo."

"Nani hajachoka? Wewe hujachoka?"

Gerishom aliviweka viatu vyote viwili kando yake.

"Ukinitoa siku ya fainali, meneja amekaa pale anatazama, Jumatatu jina langu liko kwenye orodha," alisema Dzombo. "Nikicheza vibaya tukashinda, nani atajali? Karibu zote saba tumeshinda namna hiyo. Ya nane itakushinda nini?"

Aliinuka kwa kushika nguzo ya goli, akatundika viatu shingoni, akaenda kuichukua baiskeli yake.

Jumatano Gerishom alirudi ofisini bila kuitwa. Alimweleza Bwana Simeon yote, Adu na baiskeli na watoto watano, ingawa alijua kuwa si siri yake kuitoa. Akaomba lori, safari moja tu, kabla ya Jumapili. Bwana Simeon alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani akaifuta.

"Namhurumia," alisema. "Lakini kila mtu hapa ana Adu yake, Mwalimu. Nikitoa lori kwa mmoja, kesho watapanga foleni. Niletee kombe. Nikiwa na kombe, hata hao kumi na wawili nitajaribu kuwabishania."

"Na Dzombo asipocheza?"

"Hilo nilishalijibu."

Siku zile Gerishom hakula vizuri. Alhamisi aliandika kikosi na Dzombo ndani. Ijumaa alikifuta akaandika na Laban. Jumamosi asubuhi akakiandika tena na Dzombo, akaiweka karatasi mfukoni, na mchana alimwona Dzombo akitoka lango la kiwanda anasukuma baiskeli, debe mbili nyuma, akaelekea njia ya Sabaki. Alifikiri kumwita. Hakumwita. Angemwambia nini, ilhali mwenyewe hajui?

Jioni Easter alimkuta amekaa kizingitini, karatasi mkononi.

"Hujaniuliza, lakini nitasema," Easter alisema. "Siku mtu huyo akianguka pale uwanjani asiinuke, utarudi hapa uniambie mlikuwa mnaongoza?"

"Akiachishwa kazi nitakuja nikwambie nini?"

"Sijui. Hilo nalo ni baya. Lakini hilo atalifanya Simeon. Hili utakuwa umelifanya wewe."

Aliingia ndani kupakua chakula. Gerishom aliikunja ile karatasi mara nyingi mpaka haikukunjika tena.

Lori la kwenda Kilifi lilikuwa liondoke kiwandani saa saba Jumapili. Kiwanda kilitoa petroli kwa ajili ya fainali. Wachezaji walishapanda, mashabiki wamejishikiza pande zote, Thuku yuko kwenye usukani, ndipo Dzombo alipotokea barabarani. Vumbi lilikuwa limemjaa mpaka kwenye kope. Aliiegemeza baiskeli kwenye ukuta, akatafuta mkono wa kumvuta juu, na Gerishom akamwahi pale chini.

"Dzombo. Leo ataanza Laban."

Dzombo aliushusha mkono. Kelele za juu ya lori zilipungua.

"Nimetoka Adu ili nicheze," alisema.

"Najua."

"Ungeniambia jana, nisingekimbia. Ningelala Adu mpaka jua lipande, nikarudi leo jioni taratibu."

Ilikuwa hivyo hasa. Dzombo alipanda lori akakaa nyuma kabisa, juu ya tairi la akiba. Kutoka Malindi mpaka Kilifi hakuna aliyeimba.

Uwanja wa Kilifi ulijaa. Bwana Simeon alikuwa amekaa kwenye viti vya wakubwa chini ya turubai, na kikosi kiliposomwa akageuza shingo kulitafuta benchi la Kinu. Wapinzani wao walikuwa timu ya Takaungu, watu wepesi waliozoeana.

Hapo ndipo Gerishom alipouona mpira aliokuwa akiutamani tangu mwezi wa tano. Laban hakuwa Dzombo wa zamani, lakini alitembea na mpira, aliutoa kwa wakati, alirudi nyuma kuziba. Ile barabara mbele ya Thuku ikafungwa. Dakika ya ishirini Laban aliupenyeza mpira katikati ya mabeki wawili, Masha akaukuta huko huko, bao. Wachezaji wa Kinu walitazamana kama watu waliokumbuka kitu. Kwa nusu saa nzima walicheza hivyo, na Gerishom akahisi mabega yake yanashuka kidogo kidogo kutoka pale alipokuwa ameyainua bila kujua.

Akageuka kumtazama Dzombo. Dzombo alikuwa amelala. Alikuwa amekaa wima na sweta yake juu ya jezi, kichwa kimemwangukia kipa wa akiba begani, mdomo wazi. Kelele za bao hazikumwamsha. Kipa wa akiba alikaa bila kusogea, akamtazama Gerishom kama anayeuliza afanye nini.

"Mwache," alisema Gerishom.

Kipindi cha pili Takaungu walisawazisha kwa kona. Hakuna aliyekosea, mpira ulipigwa vizuri, na mtu aliruka juu kuliko wengine. Kinu waliendelea kushambulia. Masha aligonga mwamba. Laban alipiga shuti likapita pembeni mwa goli. Zikiwa zimebaki dakika nne, mtu wa Takaungu alipiga mpira dhaifu kutoka mbali, ukamgonga beki wa Kinu kwenye paja, ukabadili njia. Thuku alishaanguka upande mwingine.

Mbili kwa moja. Bwana Simeon aliondoka kabla ya kombe kutolewa.

Dzombo aliamshwa na shangwe za Takaungu. Aliangalia uwanja, akaangalia wenzake waliokaa chini kwenye nyasi, akaelewa. Alikwenda akamsaidia Laban kuinuka.

"Leo nimeokoa mipira miwili tu," Thuku alimwambia Gerishom wakirudi langoni mwa uwanja. "Mingine haikunifikia kabisa. Huu ndio mpira wetu bora mwaka mzima."

"Ndiyo."

"Hakuna atakayetuamini."

Hakuna aliyewaamini. Mashabiki walikuwa wamepanga kurudi Malindi wakipiga matarumbeta, na sasa walihitaji mtu wa kumlaumu. Mwalimu alikuwa na timu iliyoshinda mara saba, akaivunja siku ya fainali. Mwalimu alimweka nahodha benchi mpaka akalala usingizi. Wapo waliosema amehongwa na watu wa Takaungu. Maneno hayo yalimfuata Gerishom sokoni na kanisani, naye hakuyabishia, kwa kuwa ili ayabishie ingembidi aitaje Adu.

Ijumaa iliyofuata orodha ilibandikwa kwenye mlango wa ghala. Majina kumi na mawili. Kumi na moja yalikuwa ya watu ambao hawakucheza mpira. La kumi na mbili lilikuwa la Dzombo.

Gerishom alikwenda ofisini na ovaroli yake ya kazi, grisi mpaka viwikoni.

"Toa jina lake, weka langu," alisema.

"Wapakiaji ninao wengi. Fundi wa mitambo ninaye mmoja," alisema Bwana Simeon. Hakuonekana kufurahi. Alionekana kama mtu aliyeandika orodha usiku kucha na angependa aachwe. "Nilikwambia mapema, Mwalimu. Mara mbili."

Ilikuwa kweli, alimwambia mara mbili. Gerishom alirudi kwenye mitambo yake. Jioni hiyo alimpelekea Thuku filimbi na mfuko wa mipira nyumbani kwake, na Thuku akavipokea bila kumuuliza sababu. Dzombo na Kadii waliondoka Barani kabla ya mwisho wa mwezi. Walipakia kitanda, sufuria na baiskeli kwenye gari la mtu aliyekuwa anakwenda Marafa. Gerishom alisikia habari hiyo kwa Easter. Dzombo hakuja kumuaga, na Gerishom aliona ni haki yake.

Mwezi wa kumi mvua za vuli zilinyesha, na zilinyesha kweli. Mwezi wa kumi na mbili kiwanda kikaanza kutuma lori bara, kugawa mbegu za simsim kwa wakulima. Safari ya Adu ilipofika Gerishom aliomba ruhusa ya siku moja akakaa mbele na Thuku. Mchanga ulikuwa umeshikamana kwa mvua, na bado safari ilikuwa ndefu.

Walimkuta Dzombo shambani, anapalilia mahindi yaliyofika magotini, yeye na Kadii na shemeji yake na watoto wamepangana mstari. Alikuwa amenenepa kidogo usoni. Alimwona Gerishom akiwa mbali, akamaliza mstari wake kwanza, ndipo akaja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hamjambo huku?"

"Hatujambo. Mvua imetukumbuka."

Walisimama pembeni mwa shamba. Thuku alikwenda kuteremsha mbegu. Gerishom alikuwa amelibeba neno lake tangu Malindi, akaona bora alitue.

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Kwa lipi?"

"Kwa kukutoa siku ile. Nilikupotezea kazi."

Dzombo aliufuta udongo kwenye jembe kwa kisigino.

"Kunitoa ulifanya sawa," alisema. "Ningekuwa mwalimu mimi, ningemtoa mtu kama yule mwezi wa tano. Miguu haikuwepo. Mimi nilijua kabla yako. Kilichoniuma ni kule kungoja kwako. Uliona tangu mechi ya pili, nami nilikuona ukiona. Kila Jumapili nilisema, leo ataniita, ataniuliza, nami nitamwambia. Kila Jumapili mkashinda, ukapita ukaninyamazia. Mwezi wa tano hakukuwa na orodha yoyote, Mwalimu. Ningekaa benchi miezi miwili, nikapata nguvu, nani angeniuliza?"

"Tulikuwa tunashinda," alisema Gerishom. Alisikia jinsi neno lenyewe lilivyokuwa dogo pale shambani.

"Najua. Nilikuwemo."

Hakulisema kwa ukali. Gerishom aliitikia kwa kichwa. Dzombo hakumpa la kumfariji.

Mama yake Dzombo, mwanamke mfupi asiyeona vizuri, aliwaita waje wale. Kulikuwa na sima na majani ya kunde, na wageni waliwekewa vigoda. Alimuuliza Gerishom ni mtu wa wapi, na alipoambiwa Maragoli akauliza kama huko nako mvua imenyesha. Gerishom alisema imenyesha. Watoto walikula upesi wakarudi nje.

"Timu inaendeleaje?" Dzombo aliuliza wakati wa kunawa mikono.

"Thuku anasema wamefungwa mara tatu."

"Laban?"

"Anacheza vizuri."

"Basi watakuja kushinda."

Saa nane Thuku alipiga honi. Dzombo alimsindikiza Gerishom mpaka barabarani, akiwa na fungu la kunde la kumpelekea Easter, lililofungwa kwa utepe wa ukili. Alimkabidhi, akamwambia amsalimie Mama Hannah. Kisha akarudi, kwa sababu upande wa chini wa shamba ulikuwa bado haujapaliliwa na mawingu yalikuwa yanakusanyika tena.